Anayekaa kwenye kiti cha jaji wa soshal ni nani hasa?

Juzi mama mmoja wa Bukavu aliingia hapa ofisini kwetu, tunapotoa msaada wa sheria kwa wahamiaji Marekani, kashika bahasha ya Social Security (idara ya hifadhi ya jamii ya Marekani, wengi tunaiita soshal) ameikunja mara nne, imekaa kwenye pochi na risiti za dawa mpaka wino umeanza kufifia. Kesi yake ya disabiliti, yaani kuomba malipo ya ulemavu, imeshakataliwa mara mbili, sasa ameandikiwa aende mbele ya jaji. Akaniuliza, "Mutoto yangu, huyu juji si ule ule mwenye alinikatalia? Si wote ni wa biro moja?"

Biro moja ndiyo, mama, ila mtu yule yule hapana. Waliomkatalia mara zile mbili ni wafanyakazi wa idara ya jimbo, wale wanapitia faili na ripoti za daktari na kawaida hata sura yako hawaijui. Jaji wa hatua hii ya tatu ni mtu mwingine kabisa, anaanza kulisoma faili upya na wewe utaongea naye. Lakini mshahara wake kweli unatoka Social Security, hapo mama hakukosea, na wasiwasi huohuo ndio uliowasumbua watunga sheria wa Marekani kabla hata yeye hajazaliwa.

Zamani idara za serikali zilijichagulia zenyewe watu wa kusikiliza mashauri, zinawalipa zenyewe na kuwapandisha cheo zenyewe, sasa fikiria mtu anasikiliza kesi dhidi ya bosi wake na Ijumaa ni huyohuyo bosi anampa tathmini ya kazi, atakuonaje wewe? Ndio mwaka 1946 ikapitishwa sheria ya mwenendo wa utawala, Rais Truman akaisaini mwezi Juni. Inasema hivi: pale sheria inapotaka shauri liamuliwe kwa ushahidi uliorekodiwa, wa kuongoza usikilizaji ni wa aina tatu tu. Ni idara yenyewe, au mjumbe mmoja au zaidi wa bodi inayoiongoza, au mtu wa kazi hiyo ambaye leo anaitwa jaji wa sheria za utawala, kwa Kiingereza administrative law judge, kifupi ALJ. Nje ya hao watatu, mpaka Kongresi, yaani bunge la Marekani, iwe imetaja mtu mwingine kwenye sheria maalum, na huo mlango wa mwisho ni mkubwa kuliko unavyoonekana, ntaurudia.

Hao ALJ zamani waliitwa wachunguzi wa mashauri, jina la jaji wakalipata 1972. Wengi wao wako Social Security, kwa hiyo ukisikia Mkongo au Mkenya au Mtanzania amekwenda kwa ALJ basi mara nyingi ni disabiliti. Wamewekewa uzio: kesi wanagawiwa kwa zamu kadiri inavyowezekana ili bosi asichague jaji wa kesi fulani, mshahara umepangwa na sheria, hawafanyiwi tathmini ya utendaji na idara yao, na kumfukuza lazima iwepo sababu ya msingi iliyothibitishwa mbele ya bodi nyingine nje ya idara. Niseme tu kwamba huu uzio wa kufukuzwa unatikisika, mwaka 2025 Wizara ya Sheria ilitangaza kuwa inauona unakiuka katiba na haitautetea tena mahakamani.

Afu kuna suala la nani kamteua. Watu wanaona ni mambo ya kiofisi tu, kumbe kesi inaweza kuanguka hapo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Raymond Lucia, mshauri wa uwekezaji aliyeshtakiwa na tume ya soko la hisa, SEC. Yule ALJ aliyemsikiliza aliteuliwa na watumishi wa kawaida wa tume, si wakuu wenyewe. Mahakama ikasema huyu ni ofisa wa Marekani kikatiba, lazima ateuliwe na Rais, mahakama au mkuu wa idara, na kwa vile hakuteuliwa hivyo Lucia asikilizwe upya na mtu mwingine, hata kama yule wa kwanza sasa ameshateuliwa vizuri. Mwezi uliofuata Social Security nayo ikakimbilia kuwathibitisha majaji wake, na 2021 Mahakama ikaamua kwamba waombaji waliosikilizwa kabla ya hapo wanaweza kuipeleka hoja hiyo mahakamani hata kama hawakuitaja mbele ya ALJ.

Sasa tuseme umepata jina la jaji na una shida naye, labda ana maslahi kwenye jambo lako au ana upendeleo unaoonekana. Kanuni za Social Security zinasema asisikilize, lakini wewe lazima useme, na useme mapema unavyoweza, tena unamwambia yeye mwenyewe! Najua inasikika vibaya, unamwambia mtu usoni kwamba humuamini halafu yeye ndiye anaamua kama ajitoe. Akijitoa anapangiwa mwingine, akikataa mnaendelea na baada ya uamuzi unalipeleka pingamizi lako kwa Appeals Council, baraza la rufaa la Social Security. Ila "sikumpenda alivyoniangalia" haitoshi, wala kwamba analipwa na idara haitoshi, leta kitu cha kushikika.

Ule mlango sasa. Jaji wa imigresheni sio ALJ, watu wengi hawajui hili. Kuna baharia Mchina, Wong Yang Sung, alipitiliza ruhusa yake ya kukaa nchi kavu akakamatwa, na aliyemsikiliza alikuwa inspekta wa uhamiaji ambaye siku nyingine kazi yake ni kuchunguza kesi za aina hiyohiyo. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ikasema hapana, hii inavunja sheria ya 1946. Baharia alishinda, lakini mwaka uleule Kongresi ikaziondoa kesi za kufukuzwa nchini kwenye sheria hiyo. Ndiyo maana mpaka leo jaji wa imigresheni anateuliwa na Mwanasheria Mkuu, yuko ndani ya Wizara ya Sheria na ulinzi wa ALJ hana. Na kule, tofauti na soshal, kuna wakili wa serikali amekaa upande wa pili anakupinga.

Fudi stempu, ule msaada wa serikali wa kununua chakula, mashauri yake husikilizwa jimboni. Anayesikiliza anaitwa ofisa au, kwenye majimbo mengine, ALJ pia, kwa hiyo usidanganyike na herufi. La kuangalia ni moja: asiwe amehusika moja kwa moja na uamuzi unaoupinga. Ukimkuta kesiweka, yaani mfanyakazi anayeshika faili lako, aliyekukatia msaada ndiye kakaa kwenye kiti, pinga hapohapo na utake irekodiwe.

Turudi kwa mama. Kikao chake ni kwa simu, na mkalimani analetwa bure. Nikamfanyisha mazoezi, nikagundua kila anayeongea Kiswahili kwenye simu anamjibu "ndiyo mheshimiwa", anadhani ndio jaji, kumbe laini itakuwa na jaji, mkalimani na mtaalamu wa ajira, na wa kuamua ni mmoja tu. Nikamwandikia jina la jaji kwa herufi kubwa nyuma ya kadi ya kliniki, chini yake nikaweka "mkalimani sio juji". Akacheka, akaikunja nayo mara nne, akaitia kwenye pochi.