Samaki Wakielea Mtoni, Chupa Moja ya Maji Haitoshi

Mvua za kwanza zikianza, simu za malalamiko huongezeka kwetu sisi tunaofuatilia uchafuzi wa mito. Samaki wanaelea, maji yamegeuka rangi, kuna harufu, na karibu kila anayepiga ana mtuhumiwa wake tayari: mgodi, kiwanda, au mwenye shamba la nyanya kule juu. Tunazipokea taarifa hizo kwa shukrani, kwani bila wananchi wa kando ya mito tusingejua hata nusu ya yanayotokea. Tatizo ni kwamba malalamiko mengi hukwama. Ushahidi huwa umeshakwenda na maji kabla hatujafika, au umechukuliwa kwa namna ambayo maabara haiwezi kuufanyia kazi.

Mto unatembea. Mkulima akiosha bomba la kupulizia dawa mtoni saa kumi na mbili jioni, kufikia asubuhi maji yaliyobeba kiuatilifu kile yako kilomita nyingi chini. Ukichota chupa wakati huo, maabara itakuandikia kwamba hakuna kitu, na itakuwa imesema kweli kuhusu maji uliyoyapeleka. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo ni vya kawaida sana mashambani, huua wadudu wa majini na samaki vikiwa kiasi kidogo mno, mikrogramu chache tu katika lita moja. Havibadilishi rangi ya maji wala ladha yake. Kwa hiyo hoja ya "maji ni meupe, yako salama" naomba tuiache, kwa kuwa imeshawadhuru watu wengi.

Wanaobaki mahali pale pale ni wadudu wa mtoni. Geuza jiwe kwenye sehemu ya mto yenye maji ya kasi na yenye hewa nzuri, ulitazame upande wa chini kabla halijakauka. Utaona vidudu bapa vya rangi ya udongo, vina mikia mirefu myembamba na mashavu madogo ya kupumulia kama manyoya yanayopepea kando ya tumbo. Hao ni watoto wa wadudu wa kundi la Efemeroptera, ambao huishi majini kwa wiki nyingi au miezi kabla ya kupata mabawa. Pembeni yao kuna watoto wa kerengende, kaa wadogo, na funza wanaojijengea nyumba za mchanga. Kila kilichopita mtoni katika muda huo kimewapitia. Wale dhaifu wakitoweka na wakabaki funza wekundu na ruba peke yao, mto umeshatoa taarifa, hata kama leo maji yanang'aa.

Ujuzi huu unatumika rasmi hapa nchini. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Dk. Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kutumia viumbe hawa, unaojulikana kwa kifupi kama TARISS. Waliujenga juu ya mfumo uliokuwa ukitumika Afrika Kusini, wakauoanisha na viumbe wa mito yetu. Kila familia ya viumbe imepewa alama kuanzia 1 kwa wanaovumilia uchafu hadi 15 kwa wasioweza kabisa. Mtaalamu huchokonoa mawe kwa mguu, wavu ukiwa chini yake, kisha hupitisha wavu kwenye majani ya kingo, halafu kwenye mchanga na tope. Huwatambua viumbe hapo hapo mtoni, hujumlisha alama, na hupata wastani. Kazi hii haihitaji mashine ya gharama kubwa. Inahitaji macho yaliyofunzwa, na ningependa kuona shule nyingi zaidi za kando ya mito zikifundishwa.

Niseme pia mipaka yake, kwa sababu hapa watu hutaka zaidi ya kilichopo. Wadudu hawataji jina la kemikali wala la aliyeimwaga. Wanatuonyesha ni sehemu gani ya mto imeumia na takriban tangu lini, ili tujue pa kupeleka vipimo vya gharama. Hatuwezi kumtaja mtuhumiwa kwa matokeo ya wavu pekee, na hatutamtaja.

Dhana nyingine inayotusumbua ni kwamba kila samaki anayekufa ameuawa na sumu. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wengi wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kuwa oksijeni ilipungua kutokana na kinyesi cha mifugo na kuoza kwa mimea, na maelezo hayo yalizua mabishano makubwa. Sitayarudia mabishano hayo hapa. Ila wapo waliosema kinyesi hakiwezi kamwe kuua samaki, na hilo kisayansi si kweli. Kwenye mto huo huo, upande wa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba viboko zaidi ya 4,000 hujaza kinyesi katika mabwawa wanamolala, na mvua ikiyasukuma maji hayo kwa mkupuo, oksijeni hushuka ghafla na samaki hufa bila kemikali yoyote ya kiwandani.

Maji ya nyuzi joto 25 yakiwa yameshiba hewa hubeba oksijeni takriban miligramu 8 tu kwa lita. Ikishuka chini ya miligramu 2 au 3, samaki wengi hawawezi kuhimili. Bakteria wanaoozesha kinyesi, damu ya machinjioni, molasesi au maganda ya kahawa huitumia hiyo hiyo. Ndiyo maana kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoingia mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita katika kipimo cha oksijeni inayohitajika kwa siku tano, yaani ile ambayo bakteria huitumia kuozesha uchafu uliomo.

Mvuvi makini anaweza kutusaidia sana hapa. Oksijeni ikiisha, samaki huonekana juu wakitweta, hasa alfajiri, na kambare mara nyingi hupona kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu. Ukikuta kambare naye amekufa, na kaa na uduvi wamekufa, wadogo kwa wakubwa kwa wakati mmoja, wasiwasi wa sumu unakuwa mkubwa. Andika ulichokiona na saa uliyokiona. Maelezo hayo yana thamani kuliko chupa tano za maji.

Zebaki ni habari tofauti kabisa, na ndiyo inayonikosesha amani zaidi. Haiui samaki. Kwenye maeneo ya uchenjuaji wa dhahabu, zebaki inayobaki kwenye marudio, yaani mchanga na tope linalobaki baada ya kutoa dhahabu, ikisombwa na mvua hadi kwenye tope la mto, bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini kwa urahisi. Mdudu huila, samaki mdogo humla mdudu, samaki mkubwa humla mdogo, na kila hatua kiasi kinaongezeka. Samaki anayekula wenzake atakuwa mnene, mwenye afya, na ndiye mwenye zebaki nyingi. Kuchemsha maji au kumkaanga samaki hadi akauke hakuondoi chochote, kwa sababu moto unaua vijidudu, hauui metali. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unaumbwa. Wachenjuaji wanaojenga karasha (mitambo ya kusaga mawe) na mashimo ya marudio ukingoni kwa kuwa "maji yako karibu" wanajua kwamba sheria imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tumeshalisema hili mno.

Na wanaovua kwa sumu waelewe kwamba utupa ni sumu, hata kama unaota shambani na babu aliutumia. Unaua mayai, vifaranga na wadudu wanaolisha samaki, na mwenye wavu halali ndiye anayerudi mikono mitupu.

Sasa utaratibu. Ukiona tukio, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ofisa mazingira wa halmashauri, au ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde lako; nchi ina mabonde tisa na kila moja lina bodi yake. Tafadhali usituletee maji kwenye chupa ya soda. Sampuli ya kisheria huchukuliwa na ofisa aliyeidhinishwa, mbele ya mashahidi, na huchukuliwa sehemu tatu: juu ya mahali panaposhukiwa, mahali penyewe, na chini yake. Bila ile ya juu kesi huwa dhaifu, maana mtuhumiwa atasema uchafu ulimkuta. Maji ya kupima viuatilifu huwekwa kwenye chupa ya kioo cheusi, kwa sababu plastiki hunyonya kemikali hizo. Ya kupima metali huwekwa kwenye plastiki safi na kutiwa asidi ya naitriki ili metali zisigande ukutani. Zote hukaa kwenye barafu, hufungwa kwa lakiri, na kila anayezipokea husaini tarehe na saa. Saini moja ikikosekana, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo. Samaki anayefaa ni yule anayekata roho au aliyekufa sasa hivi. Aliyeoza hana cha kutuambia.

Kwa wenye viwanda, machinjio na mitambo ya kuchenjua: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakutaka uwe na kibali cha kutiririsha majitaka. Kibali cha kutumia maji si hicho. Na ukishakipata, hakikupi ruhusa ya kuvuka viwango. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 187, ilipotungwa iliweka kwa kosa la uchafuzi faini isiyopungua shilingi milioni 3 na isiyozidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Mahakama inaweza pia kuamuru mchafuzi agharimie usafishaji na kuwafidia walioathirika. Mkosaji anayekiri kwa maandishi kosa lake linaweza kufifilishwa, yaani kumalizwa kwa faini bila kesi mahakamani, kwa utaratibu uliowekwa, lakini kulipa faini hakumwondolei wajibu wa kusafisha.

Matokeo yanapochelewa, msidhani yamefichwa. Uchambuzi wa viuatilifu ni kazi ya hatua nyingi na hurudiwa ili kuthibitishwa. Wakati mnasubiri, samaki waliookotwa wakielea wasiliwe, wasikaushwe wala kuuzwa, na mifugo inyweshwe kwingine. Aliyekwisha kuwala akatapika, akatetemeka au akaona ukungu machoni aende kituo cha afya mara moja, na amweleze mganga kwamba alikula samaki wa mtoni, ni wa sehemu gani, na aliwala saa ngapi.