Kuziba upenyo wa bomba ukutani maana yake nini?

Fundi anayepitisha bomba la inchi 2 kwenye ukuta wa nje hutoboa tundu kubwa kidogo kuliko bomba, la sivyo halipiti. Ile nafasi inayobaki kulizunguka ndiyo upenyo, na huo ndio unaozibwa. Haizibwi njia ya bomba lenyewe, wala mdomo wa tundu la hewa.

Wapo wanaochanganya. Upepo ukiwakera, wanasokomeza matambara kwenye bomba linalotoa moshi wa hita ya gesi. Moshi ule huweza kuwa na kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Tundu la hewa liachwe lipumue. Kama ni wadudu kwenye tundu la kawaida la hewa, wavu unatosha.

Upenyo wenyewe hudharauliwa kwa udogo wake. Jaribu kuingiza penseli: ikipita, panya mdogo naye anapita, maana milimita 6 hivi zinamtosha. Mvua ya upepo nayo hulifuata bomba hadi ndani. Rangi ya chumbani ikaanza kuvimba, na lawama zikaliangukia bomba kwamba linavuja.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukandika saruji basi. Bomba la plastiki hutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku, saruji haisogei. Siku si nyingi utaona ufa mwembamba kama uzi umelizunguka bomba kama pete. Ndiyo maana pengo pana hujazwa mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) au povu la kupuliza, kisha ukingo wa nje ukafungwa kwa silikoni, ambayo hunyumbulika. Povu likiachwa wazi, jua huligeuza manjano na mwishowe likamomonyoka, tena panya hulitafuna bila shida. Penye panya, shindilia kwanza pamba ya chuma isiyoshika kutu.

Silikoni haishiki kwenye vumbi wala unyevu, kwa hiyo nusu ya kazi ni brashi na kitambaa kikavu. Kwenye bomba la moshi wa moto tumia silikoni iliyotengenezwa kuhimili joto kali. Na kifuniko cha tundu la hewa kizungushie silikoni juu na pembeni tu. Chini paache wazi, maji yakipenya nyuma yake yapate pa kutokea.