Makato kwenye peislipi si pesa

Nimeletewa tena picha ya peislipi. Mstari wa pensheni umezungushiwa kalamu nyekundu, na ujumbe chini yake ni ule ule ambao wafanyakazi wa kaunti hapa Kenya hunitumia mwaka wa fedha unapofungwa: "Nimekatwa, skimu ya pensheni inasema haijapokea kitu. Sasa pesa yangu imeliwa na nani?" Safari hii aliyeuliza ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, yule anayetegemewa kuwaelimisha wenzake, na subira yangu ikakatika. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Swali hilo limebeba imani mbili: kwamba pesa ilikuwepo, na kwamba kuna mtu aliyeichukua. Ya pili huwa kweli wakati mwingine. Wezi wapo, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwafuata kila mwaka kwa ripoti nene ambazo hazisomwi. Ya kwanza ndiyo inayowapoteza watu. Mara nyingi hakuna pesa iliyokatwa. Kilichokatwa ni tarakimu.

Chukua mfanyakazi mwenye mshahara wa kimsingi wa Sh40,000. Kwa viwango tulivyovizoea katika skimu za kaunti, yeye anachangia asilimia 12, yaani Sh4,800, na mwajiri anaongeza asilimia 15, yaani Sh6,000. Jumla Sh10,800 kwa mwezi. Programu ya mishahara inaziondoa zile Sh4,800 kwenye hesabu, inaandika mshahara wa mkononi, na orodha inafika mezani kwa afisa mkuu wa fedha. Mgao kutoka Hazina ya Kitaifa umechelewa. Kifungu cha 219 cha Katiba kinataka kaunti ipewe mgao wake bila kucheleweshwa isivyofaa, lakini miezi miwili ya kusubiri imekuwa jambo la kawaida. Mgao unapofika, unatosha mishahara ya mkononi na kiasi kidogo juu yake. Afisa anaomba idhini ya Msimamizi wa Bajeti kutoa hizo za mkononi, simu za wafanyakazi zinalia kwa ujumbe wa benki, mgomo unaepukwa. Zile Sh10,800 hazikutoka popote, maana hazikuwahi kuingia popote. Peislipi inasema kweli kuhusu ulichopungukiwa. Kuhusu kilikokwenda haijui lolote.

Kisha kinachobaki kinagombaniwa, na hapa ndipo penye siasa yenyewe. KRA, mamlaka ya kodi, inadai kodi ya mishahara, na ina uwezo wa kuiandikia benki barua akaunti izuiwe. Benki na sacco zinadai mikopo ya wafanyakazi. Zikikosa mwezi mmoja, mfanyakazi anapigiwa simu, anatozwa riba, anatishiwa kuorodheshwa CRB (kwenye rekodi za wasiolipa mikopo), naye anafika ofisini akiwa amefura. Bima ya afya ikikosa kulipwa, mtu anafukuzwa hospitalini na mtoto mgongoni. Skimu ya pensheni? Mwenye pesa ana miaka 41. Atagundua akiwa na 60. Ukiwa afisa wa fedha mwenye pesa chache na wadai watano, utamwacha nani? Sihalalishi. Nasema tu kwamba hahitajiki mwizi ili jambo hili litokee, na ndiyo maana kubadilisha magavana hakujaliponya.

Kwa hivyo tuliite jina lake: ni mkopo. Hili ndilo linalonichoma kuliko mengine, na wasomaji wangu wa kawaida wanivumilie nikilirudia. Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti inaweza kukopa ikiwa tu serikali ya kitaifa imetoa dhamana na bunge la kaunti limeidhinisha. Magavana wamelalamikia masharti hayo tangu ugatuzi uanze. Lakini mwezi baada ya mwezi kaunti zinakopa kwa wafanyakazi wao wenyewe bila dhamana, bila hoja bungeni, bila kiwango cha riba kilichojadiliwa, bila tarehe ya kulipa, na mkopeshaji hajui kwamba amekopesha. Halafu deni hilo linaandikwa kwenye orodha ya madeni ambayo hayajalipwa, sawa na la mtu aliyeleta mapazia ya ofisi. Kamati inakaa, inahakiki madeni, inaamua walipwe kwanza wenye madai madogo, au wa kwanza kuleta, au wanaojulikana. Mchango wa pensheni hauna la kuhakikiwa! Ni hesabu iliyopigwa na kaunti yenyewe, kwa programu yake yenyewe. Kuuhakiki ni kuutafutia muda.

Tofauti na deni la mapazia ni hii: mapazia yakilipwa baada ya miaka kumi, mwenye mapazia amepata hasara, lakini anajua kiasi. Rudi kwa mfanyakazi wetu wa Sh10,800. Kwa mwaka ni Sh129,600. Michango ya miaka mitatu isipofika, deni kwenye vitabu ni Sh388,800. Kama ingefika, na skimu ikapata faida ya asilimia 10 kwa mwaka (nahesabu kwa kurahisisha, kana kwamba kila mchango umeingia mwisho wa mwaka), angekuwa na Sh428,976 mwisho wa mwaka wa tatu. Watu husema, aa, tofauti ni elfu arobaini. Ngoja. Ziache hizo zikae miaka kumi zaidi kwa faida ile ile: zinapita Sh1.1 milioni. Sasa kaunti inakuja na tarumbeta, na kamera, inalipa "deni lote" la Sh388,800. Amelipwa theluthi moja na ushee ya alichostahili, na katika picha anapeana mkono na gavana akitabasamu.

Jambo dogo pembeni: mchango wa pensheni huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi, hadi Sh30,000 kwa mwezi tangu mwisho wa 2024 (zamani ilikuwa Sh20,000). Kwa hiyo mfanyakazi anapata nafuu ya kodi kwa akiba ambayo haikuwekwa. Sijakutana na mtu aliye tayari kulizungumza hili kwa sauti.

Madeni ya zamani nitayapitia haraka, maana yameandikwa sana. Kabla ya 2013 kulikuwa na mabaraza 175 ya serikali za mitaa, na michango yao ilikwenda kwenye skimu zao, LAPFUND au Laptrust, au haikwenda. Kaunti 47 zilipoanza, kila gavana mpya alisema deni la baraza si lake. Jibu ni fupi: nyumba za baraza mlizipokea, masoko mkayapokea, viwanja mkavipokea, mrithi hachagui. Mamlaka ya Mpito iliyotakiwa kukagua mali na madeni ilimaliza muda wake 2016, kazi ikahamia kwa kamati ya kiufundi ya uhusiano wa serikali, na ubishi ukaendelea. Sheria ya skimu ya kaunti ya 2019 ilikusudiwa kukomesha ushindani wa nani asimamie nini. Nayo ina kesi zake. Tusonge.

Ninachotaka kusimama nacho ni riba ya madeni hayo. Deni la msingi linapolala miaka mingi, riba na adhabu hulipita, na hapo mazungumzo yote yanakuwa kuhusu riba. Kitabu kitakuambia riba ya adhabu inamtia mwajiri nidhamu. Mimi nimeanza kutilia shaka. Mwajiri binafsi huiogopa riba kwa sababu inaweza kumfilisi. Kaunti haifilisiki, na gavana atakayeilipa ni wa muhula ujao. Inayoongezeka ni tarakimu kwenye taarifa ya skimu, upande wa mali. Skimu inaonekana tajiri kwa pesa ambazo kila aliye chumbani anajua hazitalipwa zote. Kila mwisho wa mwaka wa hesabu tunabishana na mtakwimu bima, mtaalamu anayekadiria mali na madeni ya skimu: deni la kaunti fulani tulihesabu kwa senti mia kwa shilingi, au sitini, au thelathini? Hakuna fomula. Ukiandika mia unawadanganya wanachama. Ukiandika thelathini, wakili wa kaunti anaipeleka karatasi yako kwenye mazungumzo na kusema hata nyinyi mnakubali ni thelathini. Nikiulizwa jibu sahihi, nasema sijalipata, na anayedai amelipata ningependa kuona hesabu zake.

Na nani anaumia? Inategemea skimu. Kwenye skimu ambayo kila mwanachama ana akaunti yake, shimo ni lako peke yako. Kwenye zile za zamani, ambamo pensheni hupigwa kwa miaka ya kazi na mshahara wa mwisho, anayestaafu leo hulipwa kutoka kwenye chungu kimoja, pamoja na michango ya waajiri wanaolipa vizuri. Yaani mfanyakazi wa kaunti inayolipa anaziba pengo la kaunti isiyolipa. Wadhamini wakiliona hilo, huzuia malipo ya mstaafu mpaka mwajiri wake alete angalau deni la mtu huyo. Mzee wa watu anageuzwa mtumwa wa barua kati ya ofisi mbili. Ni ukatili, nakubali. Kumlipa kwa akiba ya mwenzake pia ni ukatili, isipokuwa mwenzake hayupo pale kulalamika.

Sasa lile jibu linalopendwa mitandaoni: "Mshtakini, mfungeni gavana, pesa itapatikana." Kushtaki kunawezekana, na skimu hushinda. Shida inaanza baada ya kushinda. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali hakiruhusu madalali kubeba mali ya serikali, na kinga hiyo inaifikia kaunti. Huwezi kuchukua magari wala kukamata akaunti. Unachukua cheti cha amri, unampelekea afisa mhasibu, unangoja, hakulipi, unarudi mahakamani kuomba mandamus, yaani amri ya kumlazimisha alipe, unaipata, hakulipi, ndipo unaomba aitwe aeleze kwa nini asiadhibiwe kwa kudharau mahakama. Anayeitwa hapo kwa kawaida ni afisa mkuu wa fedha, mara nyingi mpya, aliyerithi faili wiki chache zilizopita. Naye ana jibu zuri kisheria: bajeti haikuidhinishwa, mgao haujaja.

Tuseme jaji amechoka na amemfunga. Kaunti hazina magereza. Ni ya serikali ya kitaifa, yamejaa kupita kiasi, na mahabusu wengi humo hawajahukumiwa bado. Afisa wetu ataongezwa kwenye msongamano huo, na uji wake utalipiwa na Hazina ya Kitaifa, ile ile iliyochelewesha mgao. Deni halijapungua hata shilingi. Ninakiri kwamba hofu ya kulala ndani siku moja imewahi kutoa hundi ambazo miaka ya barua haikuzitoa. Lakini hundi hizo hutoka kwenye fungu la mdai mwingine, na mara nyingi mdai huyo ni michango ya mwezi huu. Unalipa shimo la zamani kwa kuchimba jipya.

Kuna kifungu cha 226(5) cha Katiba, kinachomfanya afisa abebe mwenyewe hasara ya fedha za umma zilizotumiwa kinyume cha sheria. Wengi hukitaja. Ugumu wake ni kwamba hapa hakuna kilichotumiwa. Kuna kilichoachwa bila kulipwa. Kumbana mtu kwa kutolipa pesa ambayo hakuwa nayo ni kesi ngumu kuliko inavyosikika mkutanoni.

Viwanja, basi? Kaunti hupenda kutoa ardhi badala ya pesa. Kanuni za RBA, mamlaka inayosimamia skimu za pensheni, zinaruhusu skimu kuweka hadi asilimia 30 ya mali yake katika ardhi na majengo, na mstaafu haendi dukani na robo ekari. Sipingi moja kwa moja. Nataka hati safi, mthamini ambaye hakuletwa na kaunti, na ardhi isiyo na watu waliojengewa vibanda na kaunti hiyo hiyo.

Kwa mwanachama, lenye manufaa ni hili. Omba taarifa ya akaunti yako kutoka kwenye skimu, iweke kando ya peislipi zako, mwezi kwa mwezi, na miezi iliyokosekana iandikie RBA ukiambatisha zote mbili. Usingoje barua ya kustaafu. Kwa vyama, acheni kuuliza nani amekula. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Ulizeni: maombi ya mishahara yaliyopelekwa kwa Msimamizi wa Bajeti mwaka huu yalikuwa ya mshahara kamili pamoja na michango ya mwajiri, au ya pesa za mkononi tu? Takeni nakala za maombi yenyewe, mwezi kwa mwezi, kabla wawakilishi wadi hawajapitisha bajeti nyingine.