Je, wajua kwa nini draiva moja kuukuu huangusha kompyuta nzima?

Programu ya kuandikia barua ikikwama, dirisha lake huganda, hufungwa, na kompyuta ikaendelea na shughuli zake. Lakini faili dogo linaloendesha Wi-Fi, ambalo mwenye mashine hajawahi hata kuliona, likikosea hatua moja tu, kila kitu husimama papo hapo. Skrini hugeuka buluu, asilimia zikapanda, kisha mashine ikajiwasha upya. Katika saiba za Kisumu jambo hili huuma zaidi mwezi Juni, watu wanapopanga foleni kuwasilisha ripoti za ushuru kwenye iTax kabla ya tarehe 30, na fomu iliyojazwa kwa taabu ikapotea. Inakuwaje kosa la faili moja likaibeba kompyuta nzima?

Jibu liko pale draiva inapoishi. Draiva ni programu inayojua kuamrisha kifaa fulani: kadi ya video, kadi ya mtandao, spika, printa. Windows haiwezi kujua undani wa kila kifaa kilichowahi kutengenezwa, kwa hiyo humwachia mtengenezaji aandike draiva yake. Sasa, prosesa za kompyuta zetu zina ngazi za mamlaka. Programu za kawaida hukaa ngazi ya chini, kila moja na eneo lake la memori, wala haiwezi kugusa la mwenzake. Draiva nyingi hukaa ngazi ya juu kabisa pamoja na kiini cha Windows, yaani programu kuu inayosimamia mashine yote, na huko hakuna ukuta kati ya huyu na yule. Programu ya kawaida ni kama mgeni wa sebuleni: akimwaga chai, unapangusa meza. Draiva iko jikoni kwenye moto.

Ndiyo maana Windows husimama kwa makusudi. Kiini kikigundua kwamba memori imeguswa mahali pasipofaa, hakiwezi tena kujua ni data ipi iliyo salama na ipi imevurugwa. Kikiendelea, huenda kikaandika takataka juu ya hati zako kwenye diski. Hivyo hurekodi kilichotokea na kujizima. Skrini hiyo inayochukiwa, ambayo tangu 2025 imeanza kuwa nyeusi kwenye Windows 11, ndiyo inayokinga kazi uliyokwisha kuhifadhi.

Uzee basi unaingilia wapi? Draiva haiozi. Faili lililoandikwa mwaka 2015 ni lile lile leo, herufi kwa herufi. Kinachobadilika ni mfumo unaolizunguka. Draiva iliandikwa ikitegemea kwamba Windows itapokea maombi yake kwa namna fulani na kuamka kutoka usingizini kwa utaratibu fulani. Mfumo ukisasishwa, baadhi ya mategemeo hayo huvunjika. Machi 2021, kwa mfano, sasisho la Windows 10 lilifanya kompyuta zianguke pale mtu alipobonyeza kuchapisha kwa baadhi ya printa za Kyocera, Ricoh na Zebra. Draiva za printa hizo zilikuwa za muundo wa zamani, na hazikuwa zimeguswa na yeyote. Microsoft ililazimika kutoa sasisho la dharura katikati ya mwezi huo huo. Windows Vista nayo ilipotoka, watengenezaji wengi hawakuwa tayari. Nyaraka za Microsoft zilizotolewa mahakamani baadaye zilionyesha kwamba draiva za NVIDIA pekee zilihusishwa na karibu asilimia 29 ya maanguko yaliyorekodiwa mwaka 2007.

Sababu nyingine ni kasoro zilizokuwamo tangu mwanzo. Baadhi hujificha miaka mingi, kwa sababu hutokea tu pale sehemu mbili za prosesa zinazofanya kazi sambamba (core) zinapogusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtengenezaji anaweza kuwa alishaigundua na kuirekebisha, lakini marekebisho hayo yako kwenye toleo jipya ambalo wewe huna. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba draiva ndizo zilizosababisha asilimia 85 ya hitilafu za Windows XP zilizokuwa zimeripotiwa karibuni. Hali imekuwa nafuu tangu hapo, lakini kama mashine yako inaanguka, draiva bado inastahili kuchunguzwa mapema sana.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya hatari hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Laptopu nyingi zinazouzwa Kisumu na Kakamega ni za ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza: imara, za bei nafuu, lakini zilitoka kiwandani na Windows ya zamani, kisha zikapandishwa toleo. Mwenyewe huzima masasisho ili yasimle data. Radi za alasiri pale Kakamega hukata umeme katikati ya sasisho, nusu ya mafaili yakawa mapya na nusu ya zamani. Halafu mashine ikianza kuanguka, dawa ya kwanza inayotolewa ni kupiga Windows upya. Hapa ndipo ninapoumia. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno anapoteza utafiti wake wote, analipa, na wiki ya pili skrini ya buluu inarudi, kwa kuwa baada ya kuformati, draiva zilitoka kwenye flashi ile ile yenye mkusanyiko wa miaka iliyopita. Hakuna sababu ya kuformati kabla ya kusoma kilichoandikwa kwenye skrini.

Basi kisome. Toa simu, upige picha. Kuna maneno ya herufi kubwa yaliyounganishwa kwa vistari, na mara nyingine jina la faili linaloishia na .sys. VIDEO_TDR_FAILURE inaelekeza kwenye kadi ya video: Windows huipa sekunde 2 ijibu, isipojibu hujaribu kuiwasha upya, na jaribio likishindikana ndipo mfumo husimama. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE hutokea hasa laptopu inapolala au kuamka. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL humaanisha draiva ilikuwa kwenye kazi ya dharura, isiyoruhusiwa kungoja chochote, ikagusa anwani ya memori isiyofikika wakati huo. Kwa uzoefu wangu draiva za mtandao huongoza hapa. Jina la faili hukuonyesha mwenye kosa: nvlddmkm.sys ni la NVIDIA, igdkmd64.sys ni la kadi ya video ya Intel, na yanayoanza na Netwtw ni ya Wi-Fi ya Intel. Ukiona ntoskrnl.exe usikimbilie kuilaumu. Hicho ni kiini chenyewe, na mara nyingi hutajwa kwa sababu ndicho kilichogundua kosa la mwingine.

Picha ikikupita, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika perfmon /rel. Utaona kalenda ya afya ya mashine yako, siku kwa siku, na alama nyekundu pale ilipoanguka. Tazama ni nini kilisakinishwa kabla ya alama ya kwanza. Mara nyingi jibu limelala hapo. Na kama kila anguko linataja faili tofauti lisilohusiana na lililotangulia, acha draiva kwanza, upime memori kwa kuandika mdsched kwenye kisanduku hicho hicho.

Njia ya kuthibitisha ni kuwasha mashine katika hali salama, ambapo Windows hupakia draiva za msingi tu. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, kisha Startup Settings, na mashine ikiwaka tena bonyeza 4. Ikitulia humo kwa muda ambao kwa kawaida ingekuwa imeshaanguka, shaka yako juu ya draiva imepata nguvu.

Unapofungua Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine iliyo ndani ya Windows, kutafuta draiva iliyo kuukuu, usidanganywe na tarehe. Draiva za msingi za Microsoft huonyesha 21 Juni 2006 hata kwenye Windows mpya kabisa. Tarehe hiyo iliwekwa makusudi, ili draiva ya mtengenezaji ionekane mpya zaidi na ipewe nafasi. Intel nao wana mafaili ya chipseti yenye tarehe 18 Julai 1968, siku kampuni yao ilipoanzishwa. Cha kulinganisha ni namba ya toleo, dhidi ya ile iliyo kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu.

Huko kwenye tovuti ndiko kwa kuichukua. Tumia namba ya utambulisho wa mashine (serial number) iliyo kwenye kibandiko cha chini. Draiva ya Wi-Fi ni ndogo kiasi, lakini ya NVIDIA hupita megabaiti 500, kwa hiyo ni bora kuipakua saiba na kuibeba kwa flashi. Jiepushe na programu zinazotangaza kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi huleta matangazo na draiva zisizolingana na kifaa chako. Kabla ya kusakinisha, tengeneza sehemu ya kurejea ya mfumo (restore point) na uhakikishe betri imejaa, hasa mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa.

Wala usisasishe kila kitu kwa pamoja. Gusa draiva inayoshukiwa tu, kisha uitumie mashine siku chache. Upya peke yake si usalama: tarehe 19 Julai 2024 faili jipya la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike, lililosomwa na draiva iliyo ndani ya kiini, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Ikiwa maanguko yalianza baada ya kusasisha, kitufe cha Roll Back Driver kwenye Device Manager kitarudisha toleo la awali, mradi lingali limehifadhiwa.

Kuna laptopu ambazo mtengenezaji alishaacha kuziandikia draiva. Hapo unaweza kukizima kifaa kinacholeta shida ndani ya Device Manager: Wi-Fi ya ndani ikazimwa, ukachomeka adapta ndogo ya USB. Ikiwa kinachosumbua ni kadi ya video, draiva ya msingi ya Microsoft itatosha kwa kuandika na kusoma, ingawa video zitakwaruza. Na mwenye moyo wa kujaribu anaweza kuweka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ambako draiva nyingi hukaa ndani ya kiini chenyewe na hurekebishwa pamoja nacho kila kinapobadilika, hata za vifaa ambavyo kiwanda kimeshavisahau.