Unaona au mnaona: siku za mwandishi wa michezo ya mezani

Jana asubuhi nilikaa saa nzima na sentensi moja. Ilikuwa sentensi ya kusomwa kwa sauti mezani, katika mchezo wa kuigiza wahusika: wachezaji wamefika penye ghala la forodha usiku, na chini ya mlango kuna mwanga. Kwa Kiswahili haikunipa taabu: "Mnaona mwanga chini ya mlango." Lakini kitabu kinaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha vitabu hakitenganishi wewe na nyinyi. Anayeisoma hajui kama mwanga umeonwa na wote au na yule mmoja aliyeinama kuchungulia. Hapo ubishi huanza, dakika kumi zinapotea, mchezo unapoa. Ndiyo maana kila kipande cha kusomwa kwa sauti nakiandika kwanza kwa Kiswahili. Mimi ni mtu wa Mombasa, ndiyo lugha inayonijia kwanza, nayo hainiachi nipite bila kuamua: unaona au mnaona?

Nieleze kazi yenyewe, maana hata nyumbani walichukua miaka kunielewa. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ndiye mwendeshaji. Wengine, kila mtu ana mhusika wake mwenye jina, ujuzi na udhaifu. Mwendeshaji anaeleza kilichopo, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka dadu huamua. Hakuna bingwa mwishoni. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 2000 kampuni iliyokuwa ikiumiliki, Wizards of the Coast, ilitoa leseni ya wazi iliyoruhusu watu wengine kuandika na kuuza vitabu kwa kutumia kanuni zake za msingi, na tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo lake la tano zinapatikana pia chini ya leseni ya matumizi huria ya Creative Commons. Uwazi huo ndio uliowapa nafasi waandishi wa kujitegemea kama mimi. Sina mwajiri. Nauza maneno kwa wachapishaji wa Marekani na Uingereza, kisa kimoja baada ya kingine.

Kisa, kwa lugha yetu ya kazi, ni kitabu au sura inayompa mwendeshaji kila anachohitaji kwa jioni moja au mbili: mahali, watu, jambo linalotaka kutatuliwa, hatari, na takwimu za kila kiumbe. Wengi hudhani natunga hadithi. Hadithi wanaitunga wao wenyewe kwa mazungumzo, na hakuna meza mbili zinazotoka na hadithi moja. Mimi namwandikia msomaji mmoja tu, mwendeshaji, na namwandikia katika saa yake ngumu kuliko zote: saa tatu usiku, ametoka kazini amechoka, watu wanne wanamkodolea macho, na mmoja wao ameuliza swali ambalo hakulitarajia. Anafungua ukurasa. Jibu linapaswa kuwa pale pale jicho linapoangukia. Kila uamuzi wa siku yangu, hata wa mahali pa kuanzia aya, unatoka kwa mtu huyo.

Siku yangu imegawanyika kwa sababu ya saa. Wahariri wengi ninaofanya nao kazi wako pwani ya magharibi ya Marekani, na saa tatu asubuhi kwao ni saa moja jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, saa mbili usiku wakati wa baridi. Asubuhi, basi, ni yangu. Naandika kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, maneno 1,200 siku nzuri, 600 siku ya takwimu. Mchana nalala kidogo au natoka. Jioni maswali yanaingia: jina hili limeshatumika katika kitabu kingine, kiumbe huyu ana nguvu kupita kiwango, chumba cha 7 kwenye ramani kina milango miwili nawe umeandika mmoja.

Takwimu nazipenda kuliko waandishi wengi ninaowafahamu, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kama kisa kitasimama. Chukua dadu ya nyuso 20. Shabaha ni 15, mhusika ana nyongeza ya 5. Anahitaji kutupa 10 au zaidi, kwa hiyo nyuso 11 kati ya 20 zinamfaa, yaani 55%. Ni haki kabisa. Sasa mwandishi mgeni anaificha siri ya kisa nyuma ya mitupo mitatu inayofuatana: kwanza uione alama ya kiatu, kisha umshawishi mlinzi, kisha ufungue kasha. Zidisha 0.55 kwa 0.55 kwa 0.55, unapata chini ya 17%. Meza tano kati ya sita zitakwama, na mwendeshaji atatoa jasho akitafuta namna ya kuwasaidia bila kuonekana anawasaidia. Geuza mpango. Alama ya kiatu, mlinzi na kasha ziwe njia tatu zisizotegemeana, yoyote ikitosha. Kukosa zote tatu ni 0.45 mara 0.45 mara 0.45, takriban 9%. Dadu ni zile zile, ugumu ni ule ule, na sasa meza kumi kati ya kumi na moja zinaendelea. Mmarekani Justin Alexander, mbunifu wa michezo hii, ameieneza sana kanuni hii ya dalili tatu, na mimi siandiki kisa cha upelelezi bila kuipitia mstari kwa mstari.

Kisa cha jana ni cha bandari. Mchapishaji aliniletea mwongozo wa ukurasa mmoja: maneno 8,000, wahusika wa kiwango cha kati, mji wa pwani ya joto, mauaji, soko lenye harufu ya viungo. Hilo la viungo nililijibu siku ile ile. Bandari niliyoifahamu utotoni ilinuka samaki, kamba za usumba na sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo visioze. Viungo vipo, vimefungwa maguniani, na mwenye navyo hataki harufu itoke ovyo. Mhariri alinielewa na akakubali. Si kila mhariri hukubali. Nimewahi kurudishiwa mji wangu umejaa waganga na majini hadi kwenye duka la vitambaa, na jina langu liko kwenye kitabu hicho mpaka leo. Tangu hapo jambo hili nalisema mwanzoni, kabla sijasaini.

Kilichonifurahisha zaidi katika bandari hii ni upepo. Visa vingi vya upelelezi vina ugonjwa mmoja: hakuna haraka. Wachezaji wanaweza kumhoji kila mtu, kulala, kurudi, kumhoji tena. Waandishi huweka saa ya kubandika, mara bomu, mara laana, na mchezaji anahisi mkono wa mwandishi. Pwani yetu saa hiyo ilikuwa ya kweli kwa karne nyingi. Vyombo vilishuka na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, vikafanya biashara, kisha vikarudi na kusi. Kusi ikikaza katikati ya mwaka bahari inachafuka, na nahodha aliyechelewa hana budi kungoja miezi. Kwa hiyo katika kisa changu rubani wa mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ameuawa siku tisa kabla vyombo havijatweka. Mashahidi wote ni mabaharia. Muuaji ni baharia. Siku ya kumi gati litakuwa tupu, na hakuna aliyeiweka siku hiyo kwa hila, ni upepo tu.

Mhariri akaandika pembeni: kwa nini wasizuiwe kuondoka? Swali zuri, maana mchezaji naye ataliuliza. Nikaongeza aya ya maneno 60 inayoeleza hasara ya kumzuia nahodha anayeukimbilia upepo, na kwamba liwali wa mji, anayeishi kwa ushuru wa vyombo hivyo hivyo, ana ruhusa ya kuzuia kimoja tu. Kipi? Watachagua wachezaji. Aya hiyo ndiyo bora kuliko zote katika kitabu kizima, na haikuwemo katika mpango wangu wa kwanza.

Sehemu inayonitesa ni kuandika kanuni mpya. Kanuni ya mchezo ukiionyesha kwa mkono inaeleweka, na ukiiandika inatoboka. Zoezi langu nililipata kwa mjomba wangu, mcheza bao wa siku zote. Nilijaribu kuandika sheria za bao la Kiswahili kwenye karatasi moja: mashimo 32 (ya ncha za safu huitwa kichwa na kimbi), kete 64, kwanza namua, yaani kuingiza kete zilizo mkononi, halafu mtaji, yaani kucheza na zilizo ubaoni. Nikampa asome kana kwamba hajui kitu. Alisoma polepole, akaivua miwani.

"Mwanangu, hapa umesema mtu akila, kete azigawe kuanzia kichwani. Kichwa kipi? Na akila kwenye kimbi je?"

"Si anajua, mjomba?"

"Mimi najua. Huyu uliyemwandikia hajui."

Tangu siku hiyo kila kanuni ninayoiandika naipitisha kwenye maswali yale mawili ya mjomba. Kipi? Na isipokuwa hivyo je? Huwa inarefuka kwanza, kisha inafupika, na ikifupika huwa imekomaa.

Kuhusu pesa nitasema waziwazi, kwa kuwa vijana wananiandikia kuuliza. Kazi yangu ya kwanza nililipwa senti 3 za dola kwa neno. Sasa kazi ya kawaida ni senti 8, kwa hiyo hiki cha maneno 8,000 ni dola 640 kwa wiki tano za kuandika na kurekebisha, huku nikiwa na kingine kando. Haki miliki inabaki kwa mchapishaji. Soma kifungu cha siku ya malipo kuliko kifungu kingine chochote: kuna mikataba inayolipa rasimu ikikubaliwa, na kuna inayolipa kitabu kikichapishwa. Mmoja wa aina ya pili ulinifanya ningoje miezi 14, kwa sababu kitabu kilicheleweshwa na mchoraji na kiwanda, mambo nisiyoyagusa. Siusaini tena wa namna hiyo. Jambo jingine ni kodi. Mchapishaji wa Marekani atakutumia fomu W-8BEN, ya kodi kwa mtu aliye nje ya nchi yao. Malipo ya kazi uliyoifanya ukiwa nje ya Marekani kwa kawaida hayakatwi kodi ya huko, lakini mrabaha wa kitabu kinachouzwa huko hukatwa 30% kama nchi yako haina mkataba wa kodi nao, na Kenya haina. Ukiuza kisa chako mwenyewe kwenye masoko ya mtandaoni, piga hesabu na makato hayo ndani kabla hujashangilia asilimia wanayokuahidi.

Jumamosi ndiyo siku ya jaribio. Siendeshi kisa changu mwenyewe, kwa kuwa kichwani mwangu mna mambo ambayo hayamo kwenye karatasi, na nitayajaza bila kujua. Huendesha rafiki yangu wa mtaani, mwalimu wa hesabu, akiwa ameipata rasimu siku mbili tu kabla. Kitabu ni cha Kiingereza, meza nzima inacheza kwa Kiswahili. Mimi nakaa pembeni na penseli, siruhusiwi kusema. Kila anapofunua ukurasa nyuma kutafuta kitu, naweka alama. Kila anaposema "ngojeni kidogo," naweka alama mbili.

Jumamosi hii kulikuwa na alama 23. Nane zilikuwa za majina mawili: nimewapa nahodha na mtumishi wa forodha majina yanayoanza kwa herufi moja, na yule mwalimu aliyachanganya hadi mwisho. Nne zilikuwa za ramani. Zile dalili tatu zilifanya kazi, kwani walikosa mbili wakaipata ya tatu. Ilipofika siku ya tisa wakamjua muuaji, na wakajua pia kwamba ruhusa ya liwali walikuwa wameshaitumia kwa chombo kingine, kisicho chake.

Kimya kikapita. Nilidhani kisa kimeishia hapo, kama nilivyoandika: muuaji anatweka, mji unabaki na siri yake. Binti anayechezea mhusika wa fundi wa kushona mitepe akainua kichwa. Akauliza kama kile chombo kinachotia maji, kile alichokipita siku ya kwanza akakisifu kamba zake, bado kimefungwa gatini.

Mwalimu akafunua kurasa nyuma. Nikaweka alama. Akafunua mbele. Nikaweka nyingine. Kisha akaifunga rasimu, akasema, "Kipo. Mnataka kukifungua?" Wote wanne wakajibu kwa pamoja.

Walicheza saa mbili zaidi baharini, na karatasini hapakuwa na neno hata moja la kumsaidia. Leo asubuhi nimeandika sehemu mpya, "Wakimfuata baharini": kasi ya vyombo viwili, zamu za kukumba maji, mahali mshono utakapoanza kuachia. Imefika maneno 340. Mkataba unasema 8,000, kwa hiyo nimekata 340 kwingine, mengi yake kutoka sokoni.