Shahada ni ya nani? Kampasi, ndaki na vyuo vikuu vishiriki vya Mlimani

Daktari aliyehitimu Muhimbili mwaka 2004 ana shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyehitimu palepale mwaka 2010, akasomea wodi zilezile, ana shahada ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Maofisa utumishi wanaohakiki vyeti hukwama hapa mara nyingi, wakadhani kimoja kina kasoro. Vyote viwili ni halali. Swali la kuuliza ni moja: mwaka ule, Seneti iliyotunuku ilikuwa ya nani?

Seneti, baraza kuu la taaluma la chuo kikuu, ndiyo inayopitisha mitaala, matokeo na shahada. Majengo yanaweza kuwa Chang'ombe, Iringa au Upanga. Shahada inafuata Seneti.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, ilianza ikiwa chini ya Seneti ya wengine. Oktoba 1961 chuo kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na kikitahini kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Mwaka uliofuata kikahamia kilimani.

Ule muungano ulikuwa na hesabu nzuri. Vitivo vya gharama kubwa havikupaswa kurudiwa: udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam, na wanafunzi walivuka mipaka kufuata fani. Kilichoushinda ni uhaba wa nafasi. Kila serikali ilihitaji madaktari wengi kuliko sehemu yake ya viti vya Makerere, na mkuu wa hazina yoyote huona tabu kulipia kitivo kilicho nchi nyingine. Nairobi ikafungua udaktari mwaka 1967, Dar es Salaam 1968. Baada ya hapo hapakubaki cha kugawana, na tarehe 1 Julai 1970 kila chuo kikawa chuo kikuu cha nchi yake. Kwa hiyo aliyehitimu Mlimani mwaka 1969 ana cheti cha Afrika Mashariki. Asidhaniwe alisoma Kampala.

Tangu 1970 Mlimani imekuwa mlezi. Njia ya kawaida ina hatua tatu. Kwanza fani ni kitivo (siku hizi wangesema ndaki): rasi, yaani mkuu wake, anawajibika kwa Makamu Mkuu wa Chuo, na bajeti ni ya chuo kizima. Halafu kinakuwa chuo kikuu kishiriki, chenye uongozi wake na fungu lake la fedha, lakini shahada bado ni ya chuo mama. Mwisho kinapata Seneti yake. Muhimbili ilipita zote: kitivo 1968, kishiriki 1991, chuo kikuu kamili 2007. Ardhi, chuo cha fani za ardhi na ujenzi, iliingia katikati. Ilikuwa chuo kinachojitegemea kinachotoa stashahada ya juu, ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1996, ikajitegemea tena 2007 kwa hadhi mpya. Kilimo, kilichoanza Morogoro mwaka 1969, kiliruka hatua ya pili kabisa na kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984.

Kwa maoni yangu hatua ya pili ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo inayodharauliwa. Chuo kinajifunza kusimamia mishahara, manunuzi na mitihani huku Seneti yenye uzoefu ikikagua kazi. Ndiyo pia yenye misuguano. Mtaala ukiandikwa Iringa unasubiri vikao vya Dar es Salaam. Matokeo yakichelewa kufika Seneti, mwanafunzi hawezi kuhitimu hata kama mitihani imesahihishwa. Walimu wa fani moja wakiwa kampasi mbili wasipokaa pamoja kutunga mtihani, shahada ya jina moja huanza kupimwa kwa mizani miwili.

Waliobaki katika hatua hiyo kwa muda mrefu ni vyuo vya elimu: DUCE (Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam), Chang'ombe, palipokuwa chuo cha ualimu, na Mkwawa, Iringa, palipokuwa shule ya sekondari. Vyote vilipandishwa hadhi mwaka 2005, wakati shule za sekondari zilikuwa zikiongezeka haraka chini ya MMES (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari) na walimu wenye shahada hawatoshi. Kutumia mabweni, madarasa na maabara zilizokuwepo kuliokoa miaka ya ujenzi. Lakini maabara iliyojengwa kwa ajili ya kidato cha sita haitoshi kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kemia, na hapo ndipo fedha zilipaswa kwenda mapema.

Kwa mwombaji: anayechagua DUCE au Mkwawa anachagua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mahali atakapoishi ni pengine. Jina lililo juu ya cheti ni la Mlimani.