Vienna ingeanguka, Ulaya ingesilimu?

Wapenda historia ya "ingekuwaje" wana mwaka wao: 1683. Husema kama Mfalme Jan Sobieski wa Poland asingeteremka mlimani Septemba 12 kuwafurusha Waosmani, yaani Waturuki Waislamu, waliouzingira mji wa Vienna, Austria, kwa miezi 2, leo Ulaya nzima ingekuwa inaadhiniwa.

Mbona hakuna haja ya kubuni? Mambo hayo yalishatokea jirani tu, Hungaria. Waosmani waliuchukua mji wa Buda mwaka 1541, wakakaa hadi 1686. Miaka 145! Walipoondoka, Wahungaria walio wengi walikuwa Wakristo vilevile. Dola ilihitaji kodi kuliko ilivyohitaji waumini wapya: asiye Mwislamu alilipa jizya, kwa hiyo kila aliyesilimu aliipunguzia hazina pato. Ugiriki, iliyotawaliwa muda mrefu zaidi, ilibaki ya Kiorthodoksi.

Sisemi walikuwa wanastarehe. Kanisa kubwa la Buda liligeuzwa msikiti, na huko Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, wavulana wa Kikristo walichukuliwa kwa nguvu wakawe askari wa sultani. Tena Bosnia na Albania watu wengi walisilimu kweli, ila ilichukua vizazi.

Ukifika Pécs, kusini mwa Hungaria, utaukuta msikiti wa Kasim Pasha katikati ya mji, na kuba lake kubwa. Siku hizi ni kanisa Katoliki. Mihrabu bado imo ukutani, na kileleni mwa kuba hilali na msalaba viko pamoja.